Bukumbi, Bujora, Kagunguli au Kashozi: mchague misheni ipi?

Ikikaribia likizo ya Juni, kamati za jumuiya, kwaya na WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) kandokando ya Ziwa Viktoria huanza mabishano yale yale. Mmoja anataka Bukumbi kwa sababu ndiko mizizi iliko. Mwingine anasema Bujora ni karibu, na ngoma zipo. Mwenye asili ya Ukerewe anawaita kwao, na Mhaya wa kikundi hatambui hija isiyofika Bukoba. Kila mmoja ana hoja, lakini wanapimia mizani tofauti: huyu anatazama mwaka wa kuanzishwa, yule nauli, yule mwingine picha za kurudi nazo. Kwa hiyo tuanze na vigezo, halafu kila misheni ipite humo humo.

Vigezo

Cha kwanza ni umri, nao uko wa aina mbili: umri wa misheni na umri wa jengo. Misheni kongwe nyingi zimejenga kanisa zaidi ya mara moja. Lilianza banda la miti na nyasi, likaja la matofali mabichi, kisha la matofali ya kuchoma, na siku hizi linapanda jipya la zege kwa kuwa waumini hawaenei. Anayekwenda na mwaka 1883 kichwani akitegemea kuingia katika kanisa la 1883 atarudi amenuna. Kanisa la zamani, kama bado limesimama, mara nyingi limegeuzwa ukumbi, darasa au stoo, na asiyeuliza haonyeshwi.

Cha pili ni kinachoonekana pasipo mwenyeji wa kueleza. Ziko sehemu zinazojieleza zenyewe, na ziko ambazo bila katekista mzee utaona bati na miembe tu.

Cha tatu ni njia: saa ngapi, vyombo vingapi, na uwezekano wa kukwama. Cha nne ni mapokezi, yaani nani ana funguo na mtalala wapi. Cha tano ni kalenda, maana misheni ile ile Jumapili ya kawaida na siku ya mtakatifu somo wake ni kama sehemu mbili.

Bukumbi (Misungwi)

Historia. Hapa ndipo penye uzito kuliko kwingine kote upande huu wa ziwa. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868 huko Algiers, walifika Kageye, katika mwambao wa Magu ya leo, mwishoni mwa Desemba 1878. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Buganda. Novemba 1882 waliondoka huko kwa kuhofia usalama wao, wakarudi kusini, na mwaka 1883 wakafungua misheni Kamoga, hapo Bukumbi.

Kisa ambacho vikundi vingi huondoka bila kukisikia ni cha Mwanga, kabaka (mfalme) wa Buganda. Chini ya utawala wake Mashahidi wa Uganda waliuawa, kati ya 1885 na 1887. Alipopinduliwa mwaka 1888 akakimbilia kusini ya ziwa, akashikiliwa Magu na wafanyabiashara Waarabu, kisha akapokewa Bukumbi na mapadre wale wale ambao waumini wao aliwachoma moto. Akakaa hapo hadi 1889, akarudi kupigania kiti chake. Mkiandaa tafakari moja tu ya siku nzima, iwe hiyo, haihitaji chumvi. Mei 1890, hapo hapo, Jean-Joseph Hirth akawekwa wakfu kuwa askofu. Jina hilo mlikumbuke, litarudi tukifika Kashozi.

Cha kuona. Parokia, hospitali, shule ya wasichana, na makazi ya wazee jirani. Ni misheni inayofanya kazi, haikuhifadhiwa kwa ajili ya watazamaji, na hakuna vibao vya kueleza. Hii ndiyo kasoro yake kubwa kwa kundi la watoto: ndani ya nusu saa watakuwa wanauliza mpira uko wapi. Muombeni paroko mapema awapatie mtu anayejua majengo na makaburi.

Njia. Ni rahisi. Barabara ya Shinyanga hadi Usagara, halafu mnakata kulia kuelekea Kigongo. Ni karibu kilometa 30 kutoka katikati ya Jiji la Mwanza. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, wanaotoka Sengerema na Geita nao hawasubiri kivuko tena, kwa hiyo Bukumbi imekuwa mahali pazuri pa vikundi vya pande mbili kukutana.

Mapokezi. Kwenda na kurudi siku moja kunatosha. Mkitaka kupeleka sadaka kwa wazee au wagonjwa, mtoe taarifa kwa msimamizi kabla, muulize kinachohitajika. Mara nyingi sabuni, mafuta ya kula na dawa za kufulia hufaa kuliko nguo, ambazo kila kundi huleta.

Inawafaa: watu wazima wanaosoma, makatekista, wanaojiandaa na Kipaimara wakiwa na mwalimu mzuri. Haiwafai waliokuja kutazama majengo.

Bujora (Kisesa, Magu)

Historia. Kwa umri ndiyo mtoto wa kikundi hiki. Ni kazi ya miaka ya 1950, ya Padre David Clement, Mkanada wa shirika lile lile la Mapadre Weupe. Alikusanya nyimbo, ngoma na vifaa vya Wasukuma, akasisitiza kwamba Msukuma anaweza kusali kwa sauti yake mwenyewe, miaka kadhaa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango huo kwa Kanisa lote.

Cha kuona. Hapa hakuna mpinzani. Kanisa ni la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na alama za utemi zimeingizwa kwenye altare na tabernakulo. Mkristo aliyezoea kanisa refu lenye safu mbili za mabenchi anaingia na kuelewa bila kuambiwa. Nje kuna Makumbusho ya Wasukuma, pamoja na jengo lililoumbwa kama kiti cha mtemi, lenye ngoma za tawala mbalimbali za Usukumani. Tengeni saa mbili kwa makumbusho peke yake. Kundi linalolipa kiingilio na kutoka baada ya dakika ishirini limetupa hela.

Njia. Daladala za Kisesa kwa barabara ya Musoma, karibu kilometa 20 kutoka mjini, kisha bodaboda au miguu hadi kilimani. Kosta inafika hadi mlangoni.

Mapokezi. Ni kituo chenye utaratibu wa wageni: kiingilio, waongozaji, na malazi ya kawaida. Ngoma hazichezwi kila siku. Mkitaka kikundi cha ngoma muagize siku kadhaa kabla na mkubaliane malipo kwa kundi zima. Mkikadiria kwa kichwa, ikifika jioni hamtaelewana.

Kalenda. Bulabo, sikukuu ya ngoma inayoambatana na Ekaristi Takatifu, huangukia Mei mwishoni au Juni kufuatana na Pasaka. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma, hushindana, na watu hufurika. Ni wakati bora wa kuona Usukuma na wakati mbaya wa kutaka sala ya kimya. Amueni mapema mnataka kipi.

Inawafaa: watoto, wanafunzi, familia zenye dini mchanganyiko, wageni kutoka nje. Kwa mtafuta hija ya toba na makaburi ya waanzilishi, itaonekana kama ya makumbusho zaidi.

Kagunguli (Ukerewe)

Historia. Kisiwa hiki kimeingia katika historia ya misheni kwa damu: Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kianglikana wa shirika la CMS la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Wakatoliki walikuja baadaye, na mwanzoni mwa karne ya 20 Kagunguli ilikwisha kuwa na shule iliyowafundisha Wakerewe kusoma na kuandika.

Cha kuona. Misheni yenyewe, na kisiwa kinachoizunguka. Uzuri wa Kagunguli ni kwamba haijabanwa na mji. Unganisheni na Bukindo, palipokuwa na makao ya watemi, ili historia ya misheni isisimuliwe kana kwamba kisiwa kilikuwa kitupu kabla yake.

Njia. Hapa ndipo penye kigezo kizito. Njia ya kwanza ni meli kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini hadi Nansio, saa tatu au zaidi. Ya pili ni barabara hadi Bunda, kisha Kisorya, halafu kivuko hadi Rugezi. Meli inachosha kidogo, ila haina kubadilisha vyombo. Barabara inawafaa wenye gari lao na mizigo, lakini kivuko kina foleni na ratiba. Msipange kurudi kwa chombo cha mwisho siku ambayo kesho yake watu wanaingia kazini. Upepo ukichafuka, mnalala.

Orodha ya majina kamili iandaliwe kabla ya kufika bandarini, na kila mtu awe na kitambulisho. Baada ya MV Nyerere kuzama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, hakuna mtu mwenye akili anayelalamika kuhusu kuhesabiwa. Kiongozi akatae kabisa mtumbwi wa haraka unaojazwa juu ya uwezo wake, hata kama nusu ya kikundi imeshapanda.

Mapokezi. Mlale angalau usiku mmoja, Nansio au kwa mpango na parokia. Na vijana wasioge ziwani kwenye magugu na maji yaliyotulia. Kichocho kipo, hakionekani, na dalili huja wiki kadhaa baadaye nyumbani, ambako hakuna anayeihusisha na safari.

Inawafaa: vijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), vikundi vidogo, mafungo ya siku mbili. Haiwafai wazee wenye shida ya magoti wala kundi la watu sitini lisilo na nidhamu ya saa.

Kashozi na Bukoba mjini (Kagera)

Historia. Askofu Hirth tuliyemwacha Bukumbi alikuwa Buganda vita vya Mengo, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, vilipolipuka Januari 1892. Wakatoliki wakashindwa, naye akasogea kusini, na mwisho wa mwaka huo huo misheni ikafunguliwa Kashozi. Ndiyo ya kwanza upande wa Bukoba. Kwa hiyo aliyeanza na Bukumbi akamalizia Kashozi amefuata kisa kimoja kutoka kona hadi kona ya ziwa.

Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 huku Buhaya, akawa askofu mwaka 1952 na mwaka 1960 akateuliwa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu. Wengi huenda Kashozi wakitafuta kaburi lake. Alipofariki mwaka 1997 alizikwa hapo kweli, lakini mwaka 2012 mabaki yake yalihamishiwa katika Kanisa Kuu la Bukoba mjini. Ratiba iwe na vituo vyote viwili.

Cha kuona. Kingi, ila kimetawanyika: Kashozi nje ya mji, Kanisa Kuu mjini, na kwa upande wa Walutheri kanisa kuu lao, mji uleule. Wamisionari wa shirika la Kijerumani la Betheli walifika mwaka 1910, na Askofu Josiah Kibira wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa ndiye aliyeongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipasua majengo mengi ya Bukoba, kwa hiyo mkikatazwa kupanda mnarani au roshani ya kwaya, mtii bila ubishi.

Njia. Kwa barabara ni zaidi ya kilometa 400 kupitia Geita na Muleba: siku nzima. Kwa meli mnaondoka usiku na kufika asubuhi, mkiwa mmeokoa gharama ya kulala, ingawa daraja la tatu halina usingizi wa maana. Nendeni Juni hadi Agosti. Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza, na Aprili njia za vijijini huteleza kama sabuni.

Mapokezi. Ndiyo yenye malazi mengi kuliko zote, pamoja na nyumba za wageni za mashirika ya kitawa.

Inawafaa: kundi lenye siku tatu au nne na mfuko ulioanza kuchangwa miezi sita kabla.

Kuhusu nyumba za masista

Wengi huweka "kutembelea konventi" katika ratiba kana kwamba ni kituo cha kupiga picha. Nyumba ya watawa ina sehemu mbili. Ya nje mnakaribishwa: kikanisa, parla, duka la hostia, mishumaa na mavazi ya ibada, bustani, pengine zahanati. Ya ndani, wanakolala na kula, hamuingii, na kuomba "tuone kidogo tu" ni kukosa adabu. Bukoba ndiko nyumbani kwa Masista wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, na Makoko, Musoma, kuna Masista wa Moyo Safi wa Maria Afrika. Kundi la wasichana wanaofikiria wito litapata mengi zaidi kwa saa mbili za mazungumzo na mlezi wa wanovisi kuliko kwa makanisa matatu.

Mkilala kwao, geti hufungwa mapema, na baada ya sala ya usiku ni kimya. Anayetaka mpira wa Ulaya saa tano usiku atafute gesti mjini. Chakula kiagizwe kwa idadi halisi. Mkisema arobaini wakaja ishirini na tano, sista wa jikoni ndiye anayebaki na sufuria, na kundi lijalo litapokelewa kwa mashaka.

Yanayoharibu safari, popote mwendako

Kwenda bila barua. Paroko wenu aandike barua ya utambulisho yenye jina la kikundi, idadi, tarehe, saa ya kufika, na mnachoomba: Misa, mwongozaji, chakula, malazi. Ipelekwe wiki tatu kabla na ithibitishwe kwa simu siku mbili kabla. Mkija na padre wenu, hilo liandikwe, maana wenyeji watapanga altare na saa kwa kuzingatia hilo.

Kufika Jumapili saa nne asubuhi. Paroko yuko katikati ya Misa ya pili, kisha ana ubatizo, kisha kigango. Hamtapata mtu. Jumatatu nayo ofisi nyingi za parokia hufungwa. Jumamosi asubuhi au Jumanne hadi Ijumaa ndizo siku nzuri.

Kutaka kupekua daftari la ubatizo "tuone babu". Daftari lina habari za watu, si la maonyesho wala la kupigwa picha. Mwenye haja ya kweli aombe cheti, akiwa na jina la ubatizo, majina ya wazazi na mwaka wa kukadiria.

Kupita kuta bila kuzisoma. Simameni pembeni mwa kanisa la zamani, mtazame mita moja ya chini ya ukuta. Matofali ya zamani yaliyochomwa kwa kuni ni laini, na yamejengwa kwa udongo au chokaa, ambavyo hupumua. Panapopigwa plasta ya saruji juu yake, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, plasta hufura, na nyuma yake tofali hubaki unga mwekundu mkononi. Mkiliona hilo, mmeona kwa nini jengo la zamani linakufa haraka baada ya "ukarabati". Mkitaka kuchangia, mchangie mifereji na bati la mapaa kabla ya rangi na plasta, na mchango upitie ofisi ya parokia kwa risiti.

Kwa hali yenu

Mna siku moja na watoto wengi: Bujora. Misa asubuhi, makumbusho, chakula, kurudi kabla ya giza.

Mna siku moja na kundi la watu wazima wanaotaka kusali: Bukumbi, na mfanye maandalizi ya historia wiki moja kabla, maana pale hakuna atakayewasomea ukutani. Mkianza saa kumi na mbili asubuhi mnaweza kuweka Bukumbi asubuhi na Bujora mchana, ila kila moja itapungua. Kundi la zaidi ya watu thelathini lisijaribu.

Mna usiku mmoja na vijana wenye nguvu: Kagunguli, nje ya masika.

Mna siku nne: Kashozi na Bukoba, kwa meli kwenda na barabara kurudi, ili mpite Muleba na Geita mchana.

Mnatokea Musoma, msijilazimishe kuja Mwanza. Nyegina, misheni ya 1911, iko mlangoni kwenu, na ndipo Mwalimu Nyerere alipobatizwa Desemba 1943. Mnaweza kuiunganisha na Makoko kwa siku moja.

Kikundi si cha Kikatoliki: AIC (Africa Inland Church) waitazame Nassa, iliyoanzishwa na CMS na kukabidhiwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Wamenoni wanayo Shirati, iliyofunguliwa 1934. Utaratibu wa barua na simu ni ule ule, isipokuwa anayeandikiwa ni mchungaji, na Jumamosi muulize kwanza kama jirani zao Wasabato wana mkutano mkubwa, maana usafiri na vyumba vya kulala hujaa.

Na kama mna wazee wengi, hesabuni ngazi na vyoo kabla ya kuhesabu miaka ya misheni. Mtumeni mtu mmoja kwa bodaboda wiki moja kabla, aangalie choo cha wageni kina maji, kosta inageuzia wapi, na kivuli kiko upande gani saa saba mchana.